Vikasha Ishirini na Vinne na Hofu ya Askari wa Miguu

Mgeni rasmi, mheshimiwa Mkurugenzi wa Hifadhi; wakuu wa idara mliofuatana naye; na ninyi majirani zetu mliokaa nyuma: sisi askari wa hifadhi wa doria ya miguu tunawasalimu.

KARIBU KWETU

Tumekuwekea kiti kivulini, na sisi tumesimama mistarini kama kazi yetu inavyotaka. Karani wa lango anakusomea kwa niaba yetu sote. Tuliogopa kuyaandika maneno haya, na tuliogopa zaidi kuyaacha.

Ipo risala nyingine tuliyoiandika kwanza. Ilitaja buti, mahema na mafuta ya gari, na ingekuwa imekwisha sasa hivi. Tuliichana juzi, tuliposikia kwamba unakuja kuamua kama mchezo wa vikasha uruhusiwe katika hifadhi zote. Tukaulizana, tukinyamaza leo, siku ya kusema ni ipi?

MCHEZO ULIVYOKUJA

Kwa majirani wasioujua: mtu huficha kikasha chenye daftari dogo na vijizawadi vya bei ndogo, kisha huweka alama ya mahali pale kwenye ramani ya simu. Wengine huja wakiongozwa na simu, hukitafuta, huandika jina daftarini na kukirudisha walipokikuta. Ni mchezo usio na ubaya ndani yake. Mjini hufichwa chini ya benchi au nyuma ya nguzo.

Mwaka jana ofisi ilikubali ujaribiwe hapa. Vikaletwa vikasha ishirini na vinne, tukaagizwa tuvifiche sisi wenyewe. Tulivifurahia. Aliyefurahi kuliko wote ni mwenzetu tunayemwita Bi Nyayo, kwa kuwa anasoma nyayo kama wengine wanavyosoma gazeti. Ana miaka kumi na tisa kazini. Mumewe, fundi cherehani, alimtania kwamba sasa analipwa kwa kucheza mchezo wa kujificha. Yeye akajibu kwamba afadhali huo, kuna wanaolipwa kwa kujificha bila mchezo.

Kikasha cha saba alikificha yeye, kwa mkono wake, ndani ya ufa wa mwamba juu ya bonde kavu. Alichagua pale kwa sababu mandhari yake ni nzuri. Wakati huo ufa ulikuwa mtupu. Alimulika tochi mpaka mwisho, akaona buibui tu.

TULICHOPATA

Hatutaki kuonekana watu wa kulalamika tu. Mchezo ulituletea wageni ambao hapo kabla wangeishia kwenye duka la langoni. Walikuja mafundi, wauguzi, familia nzima na vikapu vyao. Wengi walirudi na takataka walizookota njiani.

Alikuja pia mwalimu mstaafu na mkewe. Mwalimu alikuwa ameugua, mguu mmoja ukawa mzito, na daktari akamwambia atembee. Nyumbani alikataa katakata kutembea. Alipoambiwa kuna kitu kimefichwa, akatembea. Mkewe alituletea kahawa siku walipopata kikasha cha kumi. Alisema mume wake amefufuka. Mgeni rasmi, tunalisema hili ili ujue kwamba hatuwachukii wachezaji. Wale wawili tuliwapenda.

KILICHOTUPATA

Simu huonyesha mstari ulionyooka, na mstari haujui bonde wala majani. Watu waliacha njia zetu wakafuata mstari. Baada ya miezi miwili, kila kikasha kilikuwa na njia yake mpya ya udongo mtupu, na mwisho wa kila njia palikuwa na mawe yaliyopinduliwa na mashimo yaliyochokonolewa. Vyote vinavyoishi chini ya jiwe vilikosa pa kukaa.

Ndipo Bi Nyayo akaona alama kwenye mchanga wa bonde kavu. Alimjua mwenyewe: chui jike aliyekatwa kidole na mtego wa waya alipokuwa mdogo, mguu wa mbele wa kushoto unaoacha vidole vitatu badala ya vinne. Bi Nyayo ndiye aliyemnasua, akiwa na daktari wa wanyama. Sasa nyayo zilikuwa zikipanda na kushuka mwamba ule ule mara kadhaa kwa siku. Hakuhitaji kuambiwa maana yake. Chui alikuwa amezaa miambani, hatua chache kutoka kikasha cha saba.

Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa mkuu wa kituo akiomba mahali pale pafungwe. Akajibiwa kwa mdomo kwamba msimu uko karibu kwisha, asiwatie wageni hofu. Akaandika ya pili. Akaambiwa kwamba barua mbili juu ya jambo moja ni utovu wa nidhamu. Kuanzia hapo tulimwona akikosa raha. Kila gari lililosimama langoni alilitazama kama anayengoja habari ya msiba.

Alhamisi moja, saa nane mchana, waliingia mwalimu na mkewe. Bi Nyayo alikuwa zamu ya lango. Mwalimu alimwambia kwa furaha kwamba wamevipata vyote ishirini na vitatu, kimebaki cha saba tu. Bi Nyayo aliwasihi wasiende. Aliwaeleza kuna chui mwenye watoto. Mwalimu akacheka.

"Mwanangu," alisema, "nimefundisha darasa la watoto sabini. Chui mmoja ataniweza?"

Mkewe hakucheka, lakini alimfuata. Bi Nyayo hakuwa na amri ya kuwazuia. Tiketi ilikuwa halali na njia ilikuwa wazi kwenye karatasi za ofisi. Akapiga muhuri. Ametuambia kwamba mpaka leo anausikia mpini wa ule muhuri kwenye kiganja.

Alivumilia saa moja na nusu, kisha moyo ukamshinda. Alichukua bunduki na redio, akamwachia karani lango na kuwafuata.

Mwanzoni nyayo zilikuwa za kawaida: kiatu cha mwalimu, tundu la fimbo yake, kiatu kidogo cha mkewe nyuma. Penye mwerezi ulioanguka ziliacha njia zikashika mstari wa simu. Bi Nyayo alishuka nazo mpaka mchanga wa bonde, na hapo akainama. Juu ya unyayo wa kisigino cha yule mama palikuwa na alama ya vidole vitatu. Haikuwa pembeni. Ilikuwa juu yake, kingo zake bado kali, mchanga haujaanza kumomonyoka. Chui alikuwa amepita baada yao. Alikuwa anawafuata.

Alitaka kukimbia mbele na alitaka kukimbia nyuma. Hajaona haya kutuambia hivyo. Alibonyeza redio. Karani alimsikia akisema, "Niko chini ya miamba," basi. Sisi tuliokuwa kituoni tuliita mara nyingi bila kujibiwa. Wawili wetu walikwenda mbio kwenye gari, na gari likakataa kuwaka.

Alipanda taratibu, akihesabu pumzi zake. Alipofika juu alimwona kwanza yule mama. Alikuwa amesimama wima, simu mkononi, anatazama juu. Mwalimu alikuwa amelala kifudifudi, mkono wake wa kulia umezama ndani ya ufa mpaka begani. Na juu ya mwamba, hatua nane au tisa, chui alikuwa amelala chini kabisa, masikio nyuma, ncha ya mkia inapigapiga jiwe.

Ndani ya ufa, karibu na mkono wa mwalimu, kulikuwa na sauti ndogo kama za paka: chui alikuwa amewahamishia watoto wake humo.

"Mama, usikimbie," Bi Nyayo alisema polepole. "Usimpe mgongo. Nitazame mimi, uje kwangu."

"Mume wangu?"

"Nitamchukua. Njoo."

Yule mama alikuja. Bi Nyayo akapita mbele yake, akapiga goti kando ya mwalimu, bunduki ikielekea juu, macho hayatoki kwa chui. Mwalimu alinong'ona kwamba shati limenasa kwenye jiwe na mkono hautoki. Jasho lilimtiririka shingoni. Bi Nyayo alichomoa kisu kwa mkono wa kushoto, akaanza kukata kitambaa bila kukitazama. Ilikuwa bado kidogo tu. Ndipo mtoto mmoja ndani ya ufa akalia kwa nguvu.

Chui akaja.

Sisi tulisikia mlio mmoja wa bunduki. Tuliokuwa tumeinama kwenye gari tuliinuka, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Tulipofika tulimkuta mwalimu amekaa, amechubuka mkono tu. Mkewe amemshika kichwa. Bi Nyayo alikuwa chini kando ya chui, ameushika ule mguu wa mbele wa kushoto, anahesabu vidole. Alihesabu, akarudia. Tulimwita jina lake la kuzaliwa, hakugeuka.

Watoto walikuwa wawili. Mmoja alikufa siku ya tatu. Mwingine yuko nyuma ya ofisi ya daktari wa wanyama, ndani ya tundu la waya, ananyonya chupa. Hatarudi porini, maana hana wa kumfundisha.

Na mwenzetu? Mumewe anasema sasa haingizi mkono mahali asipopaona. Unga humtolea yeye kabatini. Kazini anakuja, anasimama langoni, lakini kuingia ndani peke yake hawezi. Nasi, mgeni rasmi, tusijifanye mashujaa. Kila mmoja wetu akipita penye mchanga, hugeuka kutazama nyayo zake mwenyewe.

TUNACHOOMBA

Wiki iliyofuata vikasha vilitolewa. Bi Nyayo alipewa barua ya kujieleza: kwa nini alitumia risasi bila kibali, na kwa nini aliharibu mali ya mradi. Kikao chake ni Jumatatu. Mwalimu ameleta ushahidi wake kwa maandishi, na anaomba usomwe mbele yako. Ni mistari miwili: "Alinikataza. Mimi nilimfanyia mzaha."

Tunaomba hifadhi zisiwe na vikasha. Kama mchezo unapendwa, na tunajua unapendwa, basi simu iwapeleke watu kando ya njia iliyopo, wasimame, watazame, wajibu swali juu ya wanachokiona, waondoke. Kusiwe na cha kuchimbua wala cha kuingizia mkono. Mwalimu ametuambia kwamba hilo lingemtosha.

Tunaomba pia askari akiona alama aweze kufunga njia saa ile ile, barua zifuate nyuma.

La mwisho ndilo lililotukosesha usingizi. Barua inasema Bi Nyayo aliondoa vikasha peke yake kwa siku moja. Mgeni rasmi, wewe umewahi kuwa askari kabla ya kuwa mkurugenzi. Kutoka kikasha cha kwanza hadi cha ishirini na nne ni mwendo wa siku mbili. Yeye siku hiyo hakuweza hata kuvuka lango. Tulikwenda sisi, wote kumi na sita, kabla ya zamu na baada ya zamu, na magunia mgongoni. Majina yetu na sahihi zetu yameambatishwa nyuma ya risala hii. Kama kuna adhabu, igawanywe kwa kumi na saba.

Magunia yako stoo. Ukivihesabu vikasha utavikuta ishirini na vitatu. Cha saba kimo ufani bado, na kwenye simu za watu bado kinaonekana, kinaita. Tulifika pale sote, tukasimama, tukaangaliana. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuingiza mkono.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona tulichokiona na akuepushe na tulichokiogopa. Akuongoze njia yote mpaka mlangoni kwako.

Ni sisi,
Askari wa Miguu, Lango la Kusini.