Bibi Asiyejua Kiingereza

Siku mama yake alipofariki, Ruolan alifunika vitabu vya Kichina, na somo la asubuhi ambalo mama huyo alikuwa akiwapa wajukuu zake, watoto wa Ruolan, nyumbani likakoma. Wiki tatu baadaye, kwenye tramu, treni ya barabarani, ya kwenda kitongoji cha Box Hill, aliwasikia wanawake wawili nyuma yake.

"Shangazi, wanangu nawasomesha mwenyewe nyumbani," alisema mdogo. "Nikiwauliza kwa Kichina, wananijibu Kiingereza."

"Na wewe unawasikiliza!" alicheka mzee. "Mimi kwa wajukuu zangu Kiingereza sikijui. Anayetaka maandazi ya nyama aombe kwa Kichina."

"Hukijui kweli?"

"Nimeuza dukani miaka thelathini, mwanangu. Nakijua hadi matusi."

"Si unawadanganya? Wakigundua je?"

"Watakuwa wameshajua Kichina."

"Au wameshakuchukia."

Ruolan aligeukia dirisha. Mama yake aliwafanyia watoto vivyo hivyo miaka minne, mpaka hospitalini walipomsikia akimshukuru nesi kwa Kiingereza safi. Binti mdogo alinuna siku nzima, na bibi hakupata siku nyingine ya kumbembeleza.

Tramu ikasimama. Wale wawili wakashuka, bado wanabishana.

Siku hizi mtoto akiomba maji kwa Kiingereza, Ruolan hanyanyuki kitini.