Bi. Conjesta Mtewele: Miaka Thelathini na Sita ya Kutafuta Majalada ya Mirathi

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Bi. Conjesta Romanus Mtewele anatimiza miaka sitini, na siku hiyo hiyo anastaafu baada ya kuitumikia mahakama yetu ya mwanzo kwa miaka thelathini na sita na miezi minne. Karibu sote tulimkuta hapa. Mahakimu kumi na mmoja wamekuja na kuhamishwa yeye akiwa palepale, nyuma ya meza ileile, amevaa sweta lake la kijani. Tulimnunulia jipya mara mbili. Mara zote mbili alishukuru sana, akalipeleka nyumbani, na Jumatatu akarudi na lile la zamani.

Alizaliwa Lupembe, mtoto wa pili wa Mzee Romanus, mkulima mdogo wa chai. Alisoma sekondari Njombe, akajifunza kupiga chapa, akaajiriwa Februari 1989. Mwaka uliofuata karani wa masjala aliugua, na Bi. Conjesta akaombwa ashike nafasi hiyo kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo ndizo zinazokwisha Ijumaa hii.

Masjala aliyoikuta haikuwa masjala, ilikuwa stoo yenye karatasi. Panya walikuwa wamekula hukumu kadhaa na pembe za daftari la mwaka 1974. Alianza kwa kupiga marufuku mahindi ya kuchoma ndani ya chumba kile, amri iliyomhusu hata hakimu, kisha akaleta paka aliyempa jina la Rufaa, kwa sababu hakukubali uamuzi wa mtu yeyote. Katika miezi minne panya walikwisha. Katika miaka miwili kila jalada lilikuwa na namba na kila namba ilikuwa na mahali pake. Mumewe, Mzee Silvesta, fundi seremala, ndiye aliyezitengeneza rafu zile za mbao, na hadi leo analalamika kwamba hata nyumbani kwake huwezi kuchukua sufuria bila kueleza utairudisha lini.

Hakuwa na upendeleo, na wapo waliomwona ana roho ngumu. Mwalimu mmoja mwenye heshima zake aliwahi kufika kutoka Kidugala na barua ndefu iliyopigwa chapa vizuri, akitaka nakala ya mirathi ya mjomba wake. Bi. Conjesta aliisoma yote, akaisifu, akamrudisha akalete kitambulisho na uthibitisho wa undugu kama watu wengine. Wiki hiyohiyo alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe bibi mmoja asiyejua kusoma, akamwandikia barua ya maombi neno kwa neno kadiri bibi alivyosema, akamsomea mara tatu kabla ya kumwonyesha pa kuweka dole gumba.

Lakini kilichomfanya ajulikane toka Makambako hadi Njombe mjini ni swali lake. Mwaka 2017 alikuja wakili kutoka Dar es Salaam, suti ya kijivu, saa inang'aa, akitafuta jalada la mirathi la marehemu aliyefariki mwaka 2001. Alikuwa na cheti cha kifo, alikuwa na jina kamili, alikuwa na haraka. Bi. Conjesta hakuinuka. Alimuuliza, "Baba, miti ya marehemu ilikatwa lini?" Wakili alitutazama sisi wengine kama anayetaka kuuliza iwapo mama huyu ni mzima. Akapiga simu kwa mteja wake. Miti ilikatwa 2012. Jalada lilikuwa mezani kabla hajamaliza kurudisha simu mfukoni. Aliondoka bila kuaga, akafika getini, akarudi kuaga.

Sababu ni hii. Kwetu huku mtu akifariki tunazika, ukoo unakaa kikao, muhtasari unaandikwa, kila mtu anarudi shambani kwake. Hakuna anayekumbuka mahakama wakati kuna amani. Mipaini ya marehemu inaendelea kukua mlimani. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano anakuja mnunuzi wa mbao na kudai barua ya msimamizi wa mirathi, na hapo ndipo familia inapopanda gari kuja kufungua shauri. Daftari letu linafuata mwaka shauri lilipofunguliwa. Anayetafuta kwa mwaka wa kifo atafukua mpaka achoke, na jalada liko rafu tatu mbele yake.

Ujuzi huo hakuupata chuoni wala semina. Alipoulizwa ni kipi kisikosekane katika wasifu huu, hakukitaja cheti chake cha mfanyakazi bora cha mwaka 2011, ambacho sisi tulikipigia makofi mpaka mikono ikauma. Alisema, "Weka habari ya Mama Ida. Ukiiacha hiyo, basi hayo mengine yote usiyasome." Kwa hiyo tunaiweka, na mwandishi anaiandika akijua kwamba na yeye amo.

Mwaka 1996 alifika mama mmoja wa kijiji cha Yakobi, Ida Mhema, akitafuta kumbukumbu za mirathi ya baba yake, Mzee Abel Mhema, aliyefariki mwaka 1981. Kaka yake, Enoki, alikuwa amemwondoa kwenye kinyungu cha bondeni, lile shamba la unyevunyevu ambalo watu wetu hulima mboga na mahindi wakati wa kiangazi. Enoki alidai kwamba binti aliyeolewa hakuwahi kupewa kitu. Ida alisema alipewa, tena na ukoo mzima, katika kikao kilichofuata mazishi. Yeye mwenyewe alikuwepo. Aliamini shauri lilifunguliwa mwaka uleule, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Bi. Conjesta alitafuta siku mbili. Alipitia mwaka 1981, akapitia 1982, akapitia 1983. Akaandaa barua, hakimu wa wakati ule akatia saini, mhuri ukagongwa: hakuna shauri la mirathi la marehemu huyo katika mahakama hii. Ida aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda. Shauri la shamba liliposikilizwa, barua hiyo ndiyo Enoki aliyoitumia dhidi yake. Ida akashindwa, kinyungu kikaondoka, na tangu siku hiyo kijijini akawa mwanamke aliyemzulia marehemu baba yake maneno ili apate shamba.

Mwaka 2004 mvua ilivujisha bati letu na tukalazimika kuhamisha rafu ya miaka ya tisini. Bi. Conjesta alikuwa akipanga majalada sakafuni alipokuta jina: Abel Mhema, shauri la mwaka 1990. Miti ya mzee ilikatwa mwaka huo, mnunuzi akadai barua, na Enoki akaja kufungua mirathi miaka tisa baada ya mazishi. Aliambatisha muhtasari uleule wa kikao cha ukoo wa mwaka 1981. Mstari wa nne ulisema kinyungu cha bondeni ni cha Ida. Chini kulikuwa na dole gumba la Enoki.

Mwandishi wa wasifu huu alikuwa chumbani humo, ameshika upande wa pili wa rafu. Aliposomewa mstari ule alisema maneno ambayo hajayasahau na hayajamwacha: "Dada, lirudishe mahali pake. Miaka minane imepita. Nani atajua?" Bi. Conjesta alikuwa amekaa juu ya boksi, jalada magotini. Alijibu, "Mimi nimeshajua." Hakupandisha sauti, wala hakuwahi kunisema kwa mtu yeyote hadi leo ninapojisema mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alimpelekea hakimu maelezo ya kurasa mbili kwa mkono wake, yakianza na maneno "Kosa ni langu." Alipewa onyo la maandishi. Onyo hilo limo katika jalada lake binafsi, na husema kwa kicheko kwamba ni karatasi pekee katika jengo hili ambayo hajawahi kuhangaika kuitafuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye hakungoja kuumbuliwa.

Kisha, kwa idhini ya hakimu, Jumamosi akaenda Yakobi. Alimkuta Mama Ida uani anachambua maharage. Wakaamkiana, kamwene, kamwene, akakaribishwa kigoda, na kabla hajapoa alieleza yote: barua ilikuwa ya uongo bila yeye kujua, jalada lipo, aliyekosea ni yeye. Mama Ida aliendelea kuchambua maharage muda mrefu. Mwishowe akauliza, "Jina langu limo?"

"Limo, mama. Mstari wa nne."

"Kwa hiyo sikuwa mwongo."

Kuhusu kinyungu hakuuliza lolote siku ile. Alilia, Bi. Conjesta akalia, majirani wakaja kuuliza nani kafa. Wakati wa kuondoka alimfungia mgeni wake viazi nusu gunia. Bi. Conjesta akakataa katakata, kwa kuwa mtumishi wa mahakama habebi zawadi ya mwenye shauri. Mama Ida naye akakataa kwamba mtu aondoke kwake mikono mitupu. Wakaafikiana: viazi vikachemshwa palepale, vikaliwa na maharage, na kilichobaki kikabaki kwa mwenyewe.

Jumatatu Mama Ida alikuja na maombi yake ya nakala, yakapita njia ile yote ambayo maombi ya kila mtu hupita. Shauri likafunguliwa upya. Enoki alipoonyeshwa dole gumba lake hakubisha. Mwaka 2005 kinyungu kilirudi kwa mwenyewe, naye akakilima kwa miaka ishirini.

Tangu hapo hakuna barua iliyotoka masjala kwetu ikiwa na neno "hakuna." Bi. Conjesta aliagiza iandikwe "halijaonekana hadi leo," na majina ya waliojibiwa hivyo aliyaweka kwenye daftari lake. Kila siku akipata nafasi alichukua jina moja na kutafuta upya, akianza na miti. Kwa watu wa Lupembe alianza na mwaka ambao majani ya chai ya marehemu yalianza kupimwa kwa jina jipya, kwa maana wanunuzi wa chai nao hudai barua ya msimamizi kabla ya kubadili jina. Majalada arobaini na matatu yalipatikana kwa njia hiyo, na wenyewe wakaitwa. Mfumo wa kompyuta ulipokuja alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Alijifunza kwa wiki tatu, akilalamika kila siku, kisha akaanza kutufundisha sisi. Bi. Hilda, anayepokea nafasi yake, amekabidhiwa daftari hilo likiwa na majina sita ambayo bado yanatafutwa. Ndugu wasomaji wenye shida ya nakala, mfikieni na jina kamili la marehemu, kijiji, jina la msimamizi na barua ya maombi. Mwaka msipoukumbuka, msiogope. Atawauliza swali.

Mama Ida alifariki mwezi Machi mwaka huu. Bi. Conjesta alikwenda mazishini kwa siku yake ya likizo. Tulidhani habari imekwisha.

Tarehe 20 Mei binti yake, Lightness, alifika na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, kufungua mirathi ya mama yake. Siku hiyo mapokezi alikuwepo Hilda, akamkaribisha, akaanza kumpokelea karatasi. Lightness akazishika kwa adabu, akaomba kusubiri. Hilda akamweleza kwamba Bi. Conjesta yuko kikaoni Njombe, huenda asirudi kabla ya saa tisa, na kwamba kazi ni ileile akifanya yeyote. Binti akajibu kwamba anaelewa, ila ameagizwa na marehemu. Akakaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi.

Bi. Conjesta alirudi saa tisa na robo. Lightness alisimama, akamwamkia, akampa karatasi, akasema, "Mama alisema jalada lake liandikwe na wewe. Alisema asiandike mtu mwingine."

Aliketi, akafungua daftari, akaandika jina: Ida Abel Mhema, wa Yakobi. Katika mali za marehemu akaandika: kinyungu kimoja, bondeni. Aliandika taratibu kuliko tulivyowahi kumwona akiandika, na alipomaliza aliliomba jalada likae mezani kwake hadi jioni.

Bi. Conjesta, asante kwa kila jina ulilolitafuta, na asante kwa lile moja ulilolikosa ukalifuata hadi mlangoni. Nenda Lupembe ukachume chai kwa raha zako, umwachie Mzee Silvesta sufuria zake, na Mungu akujalie miaka mingi yenye afya na amani. Tunakupenda, mama.

Timoth Mwalongo, Karani wa Mahakama, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako wote