Feni ya Mazabodi

Pantoni ya Kigamboni ilipoondoka, kaka mmoja alimwonyesha dada asiyemjua mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. “Bei poa, sista, na nitaikimbiza kupita kasi ya kiwandani. Kadi za harusi nitachapa chapuchapu.”

“Itachemka, braza. Ile ya ghali unaongeza kasi kidogo kidogo. Hii inaruka hatua kubwa kwa mkupuo. Kairudishe dukani mjini.”

“Nitaielekezea feni ya chumbani.”

“Mnazo ngapi?”

“Moja.”

“Na wifi anajua?”

Kaka alikuna kichwa. “Ana mimba ya miezi minane.”

Benchi zima lilicheka, hata mie niliyejifanya nasoma.

“Nitampepea mwenyewe kwa khanga,” akajitetea.

“Usiku kucha?”

Pantoni ikagota ng’ambo. Tulishuka wote isipokuwa yeye, aliyebaki kwenye benchi akiutazama mji tuliotoka.