Nilitoa Gunia, Nikarudisha Kikapu Kitupu

Wapendwa, Bwana asifiwe! Asifiwe hata na wewe ambaye mgongo bado unauma kwa palizi ya jana! Mimi ni Mama Achieng', mkulima wa njugu hapa Uriri. Kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa kanisa letu, na kila Jumapili ya mavuno mimi ndiye ninayesimama hapa mbele kusoma nani ameleta nini. Leo nataka kueleza jinsi Mungu alivyonifungua kutoka katika moyo usioshukuru. Nitaeleza kwa utaratibu, maana nikienda haraka nitaruka pale panaponiaibisha.

Ndugu zangu, nina binti mmoja tu. Achieng' alienda kukaa na kijana mvuvi huko ufuoni, upande wa Homa Bay, na kijana huyo hakuwa ameleta ng'ombe hata mmoja nyumbani kwetu. Mnajua desturi. Kabla ng'ombe hawajaja, mama haendi kula kwa mkwe wake. Kwa hiyo mimi sikuenda, yeye ndiye aliyekuja. Na mnajua desturi nyingine: binti akija kwao na kikapu, kikapu hicho hakirudi kitupu. Akileta samaki, ataondoka na njugu au mahindi. Hilo hatukufundishwa na mtu, tulikuta mama zetu wakilifanya.

Juma la mavuno, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa uani na kina mama wanne wa kanisa. Tulikuwa tunajaza gunia la njugu, sadaka yangu. Nilichagua zile nene, zilizokauka vizuri. Nilitaka jina langu likisomwa watu wapige makofi. Achieng' akatokea na kikapu kichwani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Ndani mlikuwa na omena, wale dagaa wa ziwani, hazikufika hata nusu ya kikapu.

Mmoja wa wale mama akatania, "Haya! Mkwe ametuma salamu za ziwa!"

Wakacheka. Mimi niliona aibu. Nikafunua kikapu, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Ndizo hizi? Ng'ombe zangu wamekuwa wadogo hivi?"

Wakacheka zaidi. Achieng' naye alicheka kidogo, kama mtu anayecheka ili asilie. Alisema tu, "Ni salamu, Mama." Nikazimwaga omena katika beseni, nikamrudishia kikapu. Gunia la njugu lilikuwa pale, limejaa mpaka mdomo haufungiki. Sikuchota hata konzi moja. Alisimama kidogo akilitazama, kisha akaaga.

Jumapili ile nilisoma jina langu mwenyewe hapa mbele. Makofi yakapigwa. Achieng' hakurudi tena.

Mwaka wa kwanza nilisema amenuna, atakuja. Simu alipokea. "Tuko salama, Mama," na maneno yakaishia hapo. Mwaka wa pili niliacha kujifanya. Kila siku ya soko niliwaangalia wanawake waliokuja na mizigo ya samaki, nikitafuta mwendo wake. Achieng' hutembea akiinamisha bega la kushoto. Siku moja mwuza samaki akaniambia kwamba binti yangu amejifungua mtoto wa kike. Mimi, nyanya, nikapata habari sokoni nikiwa napimiwa samaki! Nikauliza mtoto anaitwa nani. Yule mwanamke akasema hajui. Ndugu zangu, hamu hiyo niliibeba kama mtu anayebeba mtungi bila kata kichwani. Nikipalilia iko, nikiimba kwaya iko.

Na bado sikuenda. Nilisema, ng'ombe kwanza.

Mwaka huu mguu wangu ulivimba, nikalala kwa majuma. Nina jirani anayeitwa Mama Boke, Mkuria aliyehamia hapa kutoka Kehancha na mumewe. Hana shamba la kutajwa. Katika orodha zangu za mavuno jina lake lilikuwa mwishoni kila mwaka: mayai mawili, mboga fungu moja. Huyo ndiye aliyekuja kila asubuhi kunitekea maji na kunipikia uji wa wimbi. Siku moja alinipa kikombe, nami nikachungulia ndani kuona umefika wapi. Sikujua kwamba ninafanya hivyo. Yeye aliona.

"Mama Katibu!" akasema huku akicheka. "Hata uji wa mgonjwa unaukagua? Umekuwa polisi wa mpakani? Sema asante unywe, unapoa."

Nikafungua kinywa kusema asante, nikakuta neno halitoki. Hapa kanisani nimelisema mara nyingi mno, kwa niaba ya kanisa, nikisoma karatasi. Nyumbani kwangu sikukumbuka siku niliyolisema. Nikamwona Achieng' amesimama uani akitazama gunia. Nililia mpaka Mama Boke akadhani uji umeniunguza, akaanza kukipepea kikombe! Nikamweleza yote. Hakunihubiria. Tuliomba, yeye kwa Kikuria, mimi kwa Kijaluo, na Bwana alitusikia sote wawili. Nilisema, "Baba, njugu nilikupa ili watu wanione. Yule uliyemtuma kwangu nilimcheka." Kitu kikafunguka kifuani. Haleluya!

Mguu ulipopata nguvu nilienda ufuoni. Nikasimama nje ya ua wao. Achieng' alikuwa anageuza omena zilizoanikwa juani. Aliponiona alileta kiti, akakiweka nje ya lango.

"Karibu, Mama," akasema taratibu. "Ng'ombe bado. Sijui kama utaingia."

Nilistahili, ndugu zangu. Nikamjibu, "Nimekuja kwako, binti yangu. Sikuja kwa ng'ombe." Nikabeba kile kiti mwenyewe, nikaingia nacho, nikanywa chai yake. Wazee watanilaumu, na wanilaumu. Kisha nikasema, "Asante kwa zile omena."

Alinijazia kikombe tena. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Juma lile mumewe alikuwa amepata wavu wake mwenyewe, baada ya miaka ya kuvulia watu wengine. Zile omena zilikuwa za kwanza kuingia katika wavu huo. Wao walikuwa hawajaonja hata moja. Mumewe alisema, "Za kwanza ni za mama."

Malimbuko, wapendwa! Mimi ninayesoma mavuno kila mwaka niliwekewa malimbuko mikononi, nikayafanyia mzaha!

Nikaomba msamaha. Achieng' hakusema amenisamehe. Alisema, "Nimesikia, Mama." Akaniwekea mtoto mapajani, akarudi kwenye omena zake. Mtoto anaitwa Akoth, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Alinishika kidole akakibana, kama mtu anayenijua.

Leo ni Jumapili ya mavuno, na nilimwalika Achieng'. Tangu nianze kusema nimetazama mlangoni mara tatu, nanyi mmeniona. Hajafika. Siwezi kuwadanganya kwamba hamu imekwisha. Mungu aliondoa kiburi, hamu akaiacha, na nadhani alijua anachofanya, maana ni hiyo inayonifanya nimpigie simu binti yangu kila jioni bila kumdai neno lolote. Namshukuru kwa alichoondoa na kwa alichoacha.

Na wewe uliyeletewa kitu kidogo na mtu anayekupenda, ukakipima kwa macho, mtumaini Bwana. Atakupa miguu ya kurudi na kinywa cha kusema asante. Usingoje kulazwa kitandani. Sadaka yako inaweza kukungoja hapa. Yule mtu huenda hatangoja.

Mimi, kwa ruhusa yenu, leo nitaketi kiti cha nyuma, karibu na mlango. Bwana awabariki.