Chubwi la Urho na Risasi Ishirini

Hiyo pua unayoikunja, Tauno, ikunjue, maana umeanza kunibishia kabla sijafungua kinywa, na wewe Irmeli acha kumcheka kaka yako. Ndiyo, niliishia darasa la sita, lakini aliyemfundisha baba yenu kuilisha ile bunduki ya vita ni mimi, na leo nitawaeleza ilivyokuwa, mwamini msiamini, kwa kuwa daktari ameniambia moyo huu hautaiona theluji ikiyeyuka.

Sikilizeni basi, wanangu. Mashua na nyavu ni za Irmeli. Nyumba gawaneni. Ugomvi wa mpaka na jirani uacheni ufe nami. Kile kipande ni kinamasi ambacho hata chura hakitaki. Imebaki bunduki.

Vuli nne mfululizo baba yenu Urho alimkosa hirvi, kulungu wa msituni, dude zima kubwa kuliko farasi, lenye pembe kama sepetu. Alilaumu upepo, akalaumu kahawa yangu. Nikaenda kuitazama karatasi yake ya shabaha, nikakuta matundu si mviringo, ni marefu kama punje za mchele. Nikamwambia risasi zake zinafika zimelala ubavu. Akasema mke ashughulike na mkate. Mdharau mwiba mguu huota tende. Alipokwenda kuwasha sauna, bafu letu la mvuke, nikahakikisha bunduki ni tupu, nikachukua chubwi la nyavu, lile la madini laini ya risasi, nikalipaka mafuta na kulisukuma kwa fimbo ya shaba mtutu mzima, likatokea upande wa pili, nikalipima. Kitabu cha bunduki kilisema hivi, mtutu ukasema vile: ulikuwa mpana kwa unywele mmoja kuliko vichwa vya risasi alivyokuwa akinunua, navyo vilikuwa vikiyumba humo kama mlevi ukumbini. Tukatafuta vinene kidogo, tukala nyama mpaka Pasaka, naye akawaambia wenzake kagundua mwenyewe. Nimemsamehe. Nimechelewa, lakini nimemsamehe.

Baruti tunayojaza wenyewe kwenye maganda ya risasi nayo ina tabia zake. Ya bunduki hii huwaka taratibu, ikaisukuma risasi kama mama ampelekaye mtoto shule. Ya bastola huipiga teke. Ami yenu Eemeli aliyaweka makopo mawili wazi mezani huku anapiga soga, akachota kusiko, bunduki ikamlipukia, na tangu siku ile akiagiza bia kwa vidole vya mkono huo haziwezi kuzidi tatu. Kopo moja tu mezani, na lisilo na jina mlimwage bustanini.

Sasa wewe, Tauno. Juzi nilipita kibandani kwako. Makopo mawili, yote wazi, na risasi ishirini umeshazijaza kwa mawindo ya kesho. Nikakuuliza umechota kopo gani, ukanijibu, "Nadhani la kijani, mama." Nadhani haina macho, mwanangu, na wewe unayo mawili tu.

Hizi hapa, nimezibeba zote. Na nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi hii hapa. Ngojeni... nipumue kidogo.

Bunduki ni yako, Tauno. Komeo lake, kile chuma ambacho bila hicho hailii, atakaa nalo Irmeli mpaka uzing'oe zote ishirini, baruti uimwage kwenye mawaridi yangu, na chubwi ulipitishe mtutuni kwa mkono wako mwenyewe. Sikio halipiti kichwa. Mungu awaachie vidole kumi kumi, na shabaha ya mama yenu.

Usininyanyue, Irmeli, miguu bado ni yangu. Sauna imeshapata moto, nami sina nia ya kufa mchafu. Anza kugonga, Tauno. Nitazihesabu nikiwa huko, na nikisikia kumi na tisa nitarudi. Mlango naufunga mwenyewe.