Benchi Alilotununulia Nyawira

Benchi letu liko Ngara, hapa Nairobi, mbele ya duka la sweta za shule la Nyawira, na kusema kweli si letu. Alilinunua yeye miaka miwili iliyopita, wiki ile aliyofungua, baada ya kuacha kazi ya ofisi Kileleshwa na kumaliza akiba yake yote kwa mashine ya kufuma. Duka lilikuwa tupu, naye akatuita sisi tuliokuwa tukisimama ukutani tukinywa kahawa ya Wamucii, anayeuza hapo nje: "Kujeni mkae hapa. Duka ikikuwa na watu, watu huingia." Tukakaa. Jumamosi iliyopita, na ile baridi ya Julai, bado tulikuwa tumekaa, naye yuko ndani anafunga sweta kwenye magunia. Alikuwa anahama, wateja wamekosekana. Asubuhi alikuwa ametuambia atajaribu tena Kangemi, karibu na kwa dada yake. "Nataka tu kujua nilikosea wapi," akasema, "nisirudie." Basi tukawa tunamtafutia jibu.

— Location, alisema Profesa. Jina lake ni Mungai, mwalimu mstaafu wa somo la biashara, na hajawahi kuuza hata peremende. — Hii duka ingekuwa kule kwa wenye pesa, Adams Arcade, saa hii tungekuwa tunaongea mambo ya matawi.

— Adams nani atanunua sweta ya shule, mwalimu? Huyo alikuwa Kaindi wa bodaboda, tunamwita Gia. — Mama ameangushwa na rangi. Cheki hiyo mlango. Maroon! Maroon inafukuza customer, hiyo inajulikana.

— Inajulikana na nani? akauliza Profesa.

— Na watu. Si mnakumbuka wale wamama walikuwa wanasimama hapo ng'ambo na watoto? Wanaangalia huku kidogo, halafu wanaenda. Walikuwa wanaangalia nini kama si rangi?

Tuliwakumbuka. Wengine walikuwa wanarudi hata mara mbili kwa siku.

Spana akatikisa kichwa. Huyu ni Mzee Kirit, aliyeuza spea za magari barabara hii miaka arobaini kabla ya kumwachia mwanawe Ishan.

— Si rangi, Kaindi. Mlango inaangalia magharibi. Jua ikienda, bahati inaenda nayo. Baba yangu alikataa duka tatu juu ya hiyo.

— Lakini mzee, nikamwambia, hata yako inaangalia magharibi.

— Ndio maana nilitoboa mlango ya nyuma.

Tulicheka. Wamucii akatuongezea kahawa, yeye hakucheka. Profesa akasogea karibu na kushusha sauti.

— Mimi nawaambia kuna mtu. Kuna wholesaler wa sweta huko chini amepanga watu wake kwa stage ya matatu. Wakiona mama na mtoto wa shule, wanamgeuza.

— Umewaona? nikamuuliza.

— Hawaonekani. Hiyo ndiyo kazi yao.

Hapo Nyawira akakohoa ndani. Nilisikia utepe ukivutwa juu ya boksi, na nikaona aibu, kwa sababu tangu asubuhi hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kumshikia gunia. Nikanywa kahawa yangu.

Ndipo akaja msichana mmoja na funguo mkononi. Akasimama ng'ambo, akaangalia huku kidogo, kisha akavuka.

— Habari zenu wazee. Naitwa Ciru. Caretaker wa jengo amenituma nione hii duka, nataka kuuza viatu.

— Karibu sana, tukasema wote.

Hakusogea. Upande mmoja kulikuwa na pikipiki ya Gia, upande wa pili jiko na thermos za Wamucii, na katikati sisi wanne, magoti nje, tukimkodolea macho jinsi tunavyomkodolea kila mtu.

— Samahani, akasema. Customer huwa anapitia wapi?

Profesa akavuta magoti yake ndani. Spana akaangalia pikipiki, kisha jiko. Mimi nikawaona tena wale kina mama na watoto wao, wamesimama kule ng'ambo, pale pale alipokuwa amesimama Ciru.

Nyawira alikuwa mlangoni, gunia kifuani. Alikuwa amesikia. Alituangalia mmoja mmoja bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa na hasira.

— Ni mimi niliwaweka hapo, akasema polepole. Niliwabembeleza, hata.

— Nyawira, nikaanza.

— Hapana. Nilitaka kujua. Sasa nimejua.

Gia akasukuma pikipiki yake. Mimi na Spana tukashika benchi huku na huku, tukaliinua. Lilikuwa jepesi, Spana na miaka yake sabini na tano alibeba upande wake kwa mkono mmoja. Tukaliweka mbali, karibu na mtaro, na hakuna aliyelikalia.

Ciru akapita, akaingia.