Tusi Ninalomdai Kajetani

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Ndugu Mganga Mfawidhi, Mama Notburga tunayekuaga leo, ndugu wageni waalikwa, nanyi mlioletwa na harufu ya pilau: wakubwa zangu, kama bado wapo, shikamooni, wengine hamjambo.

Mimi Thadeo ndiye niliyemfundisha Mama Notburga uuguzi. Mnacheka? Haya, ni uongo. Niliishia darasa la tatu, na sindano naikimbia mpaka leo. Nilichomfundisha ni Kihehe, tena matusi tu.

Nimeambiwa niseme kazi yake. Nitasema moja, na shahidi ni yule pale mstari wa pili, mwenye sweta la kijivu: Mzee Kajetani, Mngoni, mtani wangu mimi Mhehe.

Kajetani alipima tumbaku ya ushirika miaka ishirini na miwili. Ilipokuja hii ruksa ya kila mtu kufanya biashara, wanunuzi wakaja na mizani zao, naye akapunguzwa kazini. Mwaka uliofuata akamzika mkewe, Kunegunda. Siku ile, kwa utani wetu, nilitakiwa niingie kaburini nigome kutoka mpaka nipewe jogoo. Nilimwonea huruma. Nilivaa koti, nikasimama nyuma, nikalia kistaarabu kama karani.

Baada ya hapo mtu akakaa. Bao hachezi, pombe ya ulanzi hataki, ukimwamkia anakutazama kama ukuta. Halafu akaanza kusahau: jembe liko wapi, leo siku gani. Sisi tulisemaje? Tulisema uzee. Nani kati yetu hapa hakusema?

Mama Notburga alifika kijijini kwetu Mpitimbi kwa baiskeli, akamuuliza binti wa Kajetani, Imaculata: "Analala? Anakula? Mara ya mwisho kucheka lini?" Kisha akataja ugonjwa kwa Kizungu, neno refu, mimi nikashika mkia wake: presha. Nikaenda jikoni na amri ya daktari, nikapiga marufuku chumvi. Mwezi mzima, ndugu zangu, mtu mwenye huzuni tulimlisha ugali na mboga isiyo na chumvi!

Aliporudi akaonja, akanitazama. "Babu, nani amekwambia presha? Nimesema dipresheni. Huzuni iliyokaa mpaka ikawa ugonjwa."

"Sasa kusahau kunaingiaje?"

"Huzuni ya namna hiyo ikimkaa mzee miaka, hatari ya kupoteza kumbukumbu inaongezeka. Sikusema lazima ipotee. Wengine wanahuzunika na hawasahau, wengine wanasahau bila kuhuzunika. Na kuna ambao huzuni yenyewe ndiyo dalili ya kwanza ya kusahau."

"Kwa hiyo kipi kimetangulia?"

"Hata wakubwa wa hospitali wanabishana. Lakini huzuni inatibika, kwa hiyo tuanze nayo."

Mheshimiwa Diwani, mimi nimesikiliza hotuba nyingi, nikiwa macho na nikiwa nimelala. Sijasikia mkubwa akisema "hatujui" kisha akaendelea na kazi. Yeye alimpeleka Kajetani hospitali ya mkoa akapewa vidonge, akawa anakuja kila Alhamisi kuhakikisha vimemezwa. Akauliza tena: "Nani aliacha kumtania?"

Nikanyoosha mkono. Kumbe kijiji kizima tulikuwa tunamwongelesha kwa sauti ya chini, kama maiti inayosubiri padri. Akaniambia: "Anza leo."

Nikaanza. Nilimwambia Wangoni walishindwa vita na sisi kwa sababu ya kutafuta choo. Akatazama paa. Nilimwambia mizani yake ilikuwa inapima uvivu wake. Akafunga kifungo cha sweta. Miezi minane nimemtukana mtu huyu kwa uaminifu kuliko ninavyosali. Siku hizi anakula, analala, na majuzi aliniita kwa jina la marehemu kaka yangu, kwa hiyo sidai kwamba amepona. Ila Alhamisi iliyopita nilipomtukania sweta lake, upande mmoja wa mdomo ulicheza. Mama Notburga aliuona. Akaandika kwenye kadi.

Mama, unastaafu, baiskeli inabaki. Atakayeipanda aulize maswali yako matatu kabla ya kusema uzee. Kwa niaba ya wote uliotuchoma sindano, tunakushukuru, na makalio yetu yanakushukuru kwa kustaafu.

Nami nawashukuru nyote mlionivumilia bila kupiga miayo.

Limebaki dogo. Kajetani, mtani, katika utani tusi hulipwa kwa tusi, nawe una miezi minane hujalipa. Sidai yote. Nipe moja tu, hata bovu, mbele ya Mama Notburga kabla hajaondoka.

Nakaa. Nasubiri.